Cadillac: Nembo Iliyosifiwa kwa Vipuri, Ikaaibishwa na Vipuri

Wakazi wa Dar es Salaam waliojipanga kando ya barabara mwanzoni mwa Julai 2013, pamoja na wale wa Nairobi waliofungiwa njia mwishoni mwa Julai 2015, huenda ndio kundi kubwa zaidi la watu wa Afrika Mashariki kuwahi kuiona Cadillac kwa macho yao wenyewe. Lilikuwa gari jeusi, refu, lenye vioo vinene, na ndani yake alikuwamo Rais Barack Obama. Wamarekani wenyewe hulibandika jina la mnyama mkali, nalo linastahili, kwa sababu uzito wake unakaribia ule wa lori kuliko ule wa saluni; wachunguzi wengi wa magari wanaamini kwamba hata chesisi yake ina asili ya lori. Kwa maneno mengine, kilichokuwa Cadillac pale Dar es Salaam kilikuwa sura ya mbele, taa na ngao ya nembo, na vilivyobaki vilikuwa kazi ya chuma na kioo kwa ajili ya usalama wa rais. Ninaanzia hapo kwa sababu swali linalomkabili kila anayetaka kununua Cadillac, iwe mpya au iliyokwisha kutumika, ni hilo hilo: chini ya bodi hii yenye ngao, ni kitu gani hasa ambacho ni cha Cadillac na si cha gari jingine?

Swali hilo lisingeulizwa na mtu yeyote mwaka 1902. Kampuni ilizaliwa mjini Detroit mwezi wa Agosti mwaka huo kutokana na mabaki ya kampuni nyingine, iliyokuwa na jina la Henry Ford, baada ya Ford mwenyewe kugombana na wenye mitaji na kuondoka. Wafadhili wawili, William Murphy na Lemuel Bowen, walimwita fundi aliyeitwa Henry Leland awakadirie thamani ya mitambo ili waiuze. Leland hakuishia kuwapa bei ya mnada. Aliwashauri waendelee kutengeneza magari, akawaonyesha injini yake ya silinda moja ambayo Oldsmobile walikuwa wamekwisha kuikataa. Gari la kwanza likauzwa kwa dola 750. Jina lilitoka kwa Antoine de la Mothe Cadillac, Mfaransa aliyeanzisha mji wa Detroit mwaka 1701, na ngao ya nembo ikatokana na ile ambayo bwana huyo alikuwa amejipatia mwenyewe, kwa kuwa ukoo wa kimwinyi aliojinasibisha nao haukuwa wake. Ni kichekesho kidogo kwamba chapa inayouza heshima ilianza na ngao ya kujitwalia.

Kazi ya Leland, hata hivyo, haikuwa ya kujitwalia. Alizaliwa Vermont mwaka 1843, akafanya kazi katika kiwanda cha silaha cha Springfield wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akawa kwa Brown & Sharpe, watengenezaji wa vipimo na zana za usahihi wa hali ya juu. Husemwa pia kwamba ndiye aliyebuni mashine ya mkono ya kunyolea nywele, kwa hiyo vinyozi nao wana deni kwake. Katika viwanda vya bunduki alijifunza jambo ambalo watengenezaji wengi wa magari wa wakati ule hawakulijali: kwamba kifyatulio cha bunduki moja lazima kiingie katika bunduki nyingine bila kupigwa tupa. Magari ya mwanzo yalikuwa kama nguo za fundi cherehani, kila moja na vipimo vyake, na kipuri kipya kililazimika kukwanguliwa na kusuguliwa hadi kikubali kukaa. Leland aliiona hali hiyo kuwa aibu ya kiufundi.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1908 nchini Uingereza, na kwa maoni yangu hakuna tangazo lolote la biashara ambalo Cadillac imewahi kulitoa lenye nguvu kuliko jaribio lile. Chini ya usimamizi wa klabu ya kifalme ya magari, magari matatu ya Cadillac yalichukuliwa kutoka kwa wakala wa London na kupelekwa katika uwanja wa mbio wa Brooklands. Huko yalifunguliwa hadi kipande cha mwisho, vipande 721 kwa kila gari, na vyote vikachanganywa pamoja kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema kipi kilitoka wapi. Vipande 89 vilivyohitaji usahihi mkubwa zaidi viliondolewa kabisa, vikawekwa vingine kutoka kwenye ghala la wakala. Mafundi wakayaunga magari upya kwa spana na bisibisi tu, bila tupa, bila nyundo ya kulazimisha. Yakatoka yakiwa na bodi za rangi mchanganyiko, yakawaka, na yakakimbizwa maili 500 kuzunguka uwanja. Klabu hiyo ikaipa Cadillac Tuzo ya Dewar, na Waingereza, ambao hadi siku hiyo waliyahesabu magari ya Marekani kuwa bidhaa duni, wakanyamaza. Kaulimbiu ya kampuni, kwamba Cadillac ndiyo kipimo cha ulimwengu mzima, ilipata uzito wake hapo.

Mwaka 1909 General Motors, kampuni iliyokuwa na chapa ya Oldsmobile na baadaye Chevrolet pia, ikainunua. Mwaka 1912 Cadillac ikawa ya kwanza kuuza magari yenye stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering wa Dayton, Ohio, na kuwaondolea madereva adha ya kuzungusha mpini wa chuma mbele ya injini, mpini ambao ulivunja mikono ya watu wengi na hata kuua. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyomwezesha mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, kuwasha gari akiwa ameketi. Mwishoni mwa 1914 ikafuata injini ya V8, yaani yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V, iliyotengenezwa kwa wingi. Miaka mitatu baadaye Leland aliondoka baada ya kutofautiana na William Durant, mkuu wa General Motors, kuhusu utengenezaji wa injini za ndege za vita, akaanzisha kampuni nyingine, akaiita kwa jina la rais aliyempigia kura alipokuwa kijana: Lincoln. Ndiyo kusema chapa mbili kuu za magari ya kifahari za Marekani, ambazo zimeshindana kwa zaidi ya karne nzima, baba yao ni mmoja.

Miaka ya 1930 ilikuwa ya majaribu. Mwezi wa Januari 1930, wiki chache tu baada ya soko la hisa la New York kuporomoka, Cadillac ilizindua gari lenye injini ya silinda kumi na sita, lita 7.4, ambayo wachoraji waliipamba kana kwamba ni samani ya sebuleni: nyaya zilifichwa, mifuniko ikang'arishwa. Yalitengenezwa takriban magari 4,000 hadi 1940, mengi kati ya hayo katika mwaka wa kwanza, kabla wateja hawajagundua ukubwa wa msiba wa uchumi. Leo ni miongoni mwa magari yanayotafutwa zaidi na wakusanyaji, lakini kama biashara hayakuweza kuibeba kampuni.

Kilichosaidia kuibeba, kwa mujibu wa simulizi inayojirudia sana katika historia ya kampuni hiyo, kilikuwa wateja ambao Cadillac yenyewe ilikuwa ikiwakataa. Nicholas Dreystadt, Mjerumani aliyesimamia huduma za matengenezo, alikuwa ameona katika gereji za kampuni nchi nzima kwamba Wamarekani weusi wenye uwezo, mabondia, waimbaji, madaktari, madalali wa nyumba, walikuwa wakileta Cadillac zao kutengenezwa, ingawa sera ilikataza kuwauzia. Walikuwa wakimlipa mzungu fulani ili awanunulie kwa jina lake. Dreystadt akawaendea wakuu wa General Motors, waliokuwa wakitafakari kuifuta chapa hiyo, akawauliza kwa nini faida hiyo imwendee mtu wa kati. Sera ikabadilishwa, na mauzo yakapanda. Ninaiweka habari hii katika tathmini ya gari kwa makusudi, kwa sababu haiwezekani kuielewa sifa ya Cadillac bila kuelewa kwamba kwa watu waliozuiwa kununua nyumba katika mitaa mizuri na kulala katika hoteli nzuri, gari hilo lilikuwa mali ya heshima ambayo angalau ingeweza kununuliwa na kuonekana.

Baada ya vita vya pili vya dunia ndipo ulipofika wakati ambao picha yake imebaki vichwani mwa watu. Mkuu wa usanifu, Harley Earl, alikuwa amewapeleka wachoraji wake kuitazama ndege ya kivita ya P-38 yenye mikia miwili, na mwaka 1948 Cadillac ikaota mapezi madogo nyuma. Mwaka uliofuata ikapata injini mpya ya V8 iliyokuwa nyepesi na yenye nguvu kuliko zilizotangulia, na mwaka 1950 Mmarekani Briggs Cunningham akaingiza Cadillac mbili katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, zikamaliza katika nafasi ya kumi na ya kumi na moja. Watu wengi wanayakumbuka mapezi na kuisahau injini, jambo ambalo si haki. Mapezi yaliendelea kukua hadi 1959, yakawa makali kama jambia, yakiwa na taa mbili zilizochongoka mfano wa risasi kila upande, nyuma ya gari lenye urefu wa mita 5.7. Nimewahi kusimama karibu na moja la mwaka huo katika maonyesho ya magari ya kale, na nakiri kwamba picha hazikuniandaa: ni gari la kupindukia, halina aibu, na mtu hawezi kulitazama bila kutabasamu. Elvis Presley alikuwa na lake la 1955 lililopakwa rangi ya waridi, akampa mama yake, ambaye hakuwa na leseni ya udereva.

Kilele cha ufundi wa wakati huo kilikuwa Eldorado Brougham ya 1957, iliyouzwa dola 13,074, ghali kuliko Rolls-Royce ya kawaida, ikiwa na paa la chuma kisichoshika kutu na hata chupa ya manukato ndani. Springi zake za hewa zilivuja kiasi kwamba wamiliki wengi walizing'oa na kufunga springi za kawaida. Hilo lilikuwa kosa la kujaribu jambo jipya, na makosa ya namna hiyo husameheka.

Yaliyofuata hayasameheki kwa urahisi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sijui mahali ambapo methali hiyo inakaa vizuri zaidi kuliko katika Cadillac ya miaka ya 1970 na 1980. Mauzo yalikuwa yamepita magari 300,000 kwa mwaka, na wakuu wa kampuni wakaona kwamba ngao yenyewe inatosha kuuza. Injini kubwa ya Eldorado, lita 8.2, ambayo mwaka 1970 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 400, kufikia 1976 ilihesabiwa 190 tu. Sehemu ya tofauti hiyo ni mabadiliko ya namna ya kupima, lakini sehemu nyingine ni kukosa hewa kwa injini iliyobanwa na sheria za moshi kabla wahandisi hawajajua la kufanya. Mwaka huo huo waliuza Eldorado ya paa la kukunjwa wakiitangaza kuwa ya mwisho ya aina yake nchini Marekani, watu wakainunua kwa bei ya ulanguzi na kuifungia katika gereji kama akiba, kisha mwaka 1984 kampuni ikarudisha gari la namna hiyo hiyo sokoni. Baadhi ya wanunuzi walikwenda mahakamani.

Ikafuata injini ya dizeli iliyotolewa Oldsmobile, ambayo haikuwa na kichujio cha kutenganisha maji na mafuta, na boliti za silindahedi zake hazikuweza kuhimili mgandamizo. Mwaka 1981 ikaja injini iliyokusudiwa kuzima silinda mbili au nne pale zisipohitajika. Wazo lilikuwa zuri, na leo linatumika kote, lakini kompyuta ya wakati ule ilikuwa na akili ndogo mno, na mafundi wengi waliishia kukata waya ili injini ibaki na silinda zote nane. Na kisha, kwa mwaka wa 1982, ikatoka Cimarron.

Hapa sina budi kukaa kidogo. Cimarron ilikuwa Chevrolet Cavalier, gari dogo la bei nafuu lenye injini ya silinda nne na nguvu za farasi 88, lililovikwa viti vya ngozi na ngao ya Cadillac, kisha likauzwa kwa takriban dola 12,000. Milango ilikuwa ya Chevrolet. Paa lilikuwa la Chevrolet. Mteja aliyeegesha Cimarron yake kando ya Cavalier ya jirani aliona kwa macho yake alicholipia na ambacho hakukipata. Leland alipata tuzo kwa kuonyesha kwamba kipuri cha Cadillac kinaingia katika Cadillac yoyote. Warithi wake walionyesha kwamba kipuri cha Chevrolet kinaingia katika Cadillac. Usahihi ule ule wa kiwanda uliojenga jina sasa ulikuwa ukilibomoa, na wakati huo huo Mercedes-Benz na BMW walikuwa wakiwachukua wateja vijana, na mwaka 1989 Lexus ikaja kuchukua wengine.

Juhudi za kujikomboa zilianza mapema lakini zilipotea njia. Allanté ya 1987 ilikuwa na bodi iliyotengenezwa na Pininfarina, kampuni ya Kiitaliano ya bodi za magari, mjini Turin na kusafirishwa hadi Detroit kwa ndege ya Boeing 747, safari ambayo gharama yake ilimwangukia mnunuzi bila kumpa mwendo wa ziada. Injini ya Northstar ya 1993, lita 4.6 na vali 32, ilikuwa tamu kuendesha, laini na yenye pumzi ndefu, ila nyuzi za boliti katika bloku ya alumini hung'oka, gasketi ya silindahedi ikaachia, na gari likaanza kuchemsha. Anayeuziwa leo Cadillac ya miaka ya 1990 kwa bei ya kuvutia aulize kwanza kama kazi hiyo imekwisha kufanywa; kama haijafanywa, bei ile si ya kuvutia tena.

Mwaka 1998 Lincoln iliipita Cadillac kwa mauzo, kwa msaada wa gari lake kubwa la Navigator. Cadillac ilitangaza kwanza kwamba imeshinda kwa tofauti ndogo sana, na miezi michache baadaye ikakiri kwamba hesabu zake zilikuwa zimeongezwa, ikaomba radhi. Jibu lake la haraka kwa Navigator lilikuwa Escalade, ambayo kwa kweli ilikuwa GMC Yukon Denali iliyobadilishiwa nembo, yaani dhambi ya Cimarron imerudiwa. Ajabu ni kwamba safari hii ilifanikiwa, na toleo la pili la 2002 likawa gari la wanamuziki wa rap na wachezaji wa mpira wa kikapu. Sababu, nionavyo, ni kwamba gari la msingi lilikuwa zuri kwa kazi yake: fremu imara, V8 yenye nguvu, nafasi ya kutosha familia nzima na mizigo yao. Ukimvika mtu mwenye afya joho, halimdhalilishi.

Nimeendesha Escalade ya kizazi cha sasa kilichoanza 2021, na tofauti na za zamani ni kubwa. Mhimili wa nyuma sasa una springi huru kwa kila gurudumu, kwa hiyo mashimo ya barabarani hayamfikii tena abiria wa safu ya tatu kama kofi. Kioo cha ala mbele ya dereva, ambacho hadi toleo la 2024 kilikuwa na ukubwa wa inchi 38 kwa jumla, kinasomeka hata juani. Mfumo wa kuliongoza gari bila mikono katika barabara kuu zilizopimwa, ulioanza na saluni ya CT6 mwaka 2017, hufanya kazi yake kwa utulivu, ukimwangalia dereva machoni kuhakikisha hajasinzia. Mafuta linakunywa kama lori. Kuegesha katika mitaa ya mji wa zamani ni mtihani, na kamera zote zilizomo hazibadilishi ukweli kwamba gari ni pana.

Hata hivyo, anayetaka kujua kama Leland angeitambua Cadillac ya leo asiangalie Escalade, aangalie saluni. CTS ya 2002 ilisukumwa na magurudumu ya nyuma, ikiwa na bodi ya kona kali ambayo wengi waliichukia mwanzoni na ambayo imezeeka vizuri. Mwaka 2008 toleo lake la mbio, CTS-V lenye nguvu za farasi 556, lilizunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring nchini Ujerumani kwa dakika 7 na sekunde 59.32, na Wajerumani wakajikuta katika hali ile ile ya Waingereza wa Brooklands miaka mia moja kabla yao. Mrithi wake, CT5-V Blackwing, ana injini ya lita 6.2 yenye supachaja, farasi 668, na, jambo la nadra siku hizi, gia sita za kubadilisha kwa mkono. Ndani, baadhi ya swichi bado unazikuta katika Chevrolet, na kwa bei yake hilo linaudhi.

Kwa msomaji aliye Kenya, Tanzania au Uganda, mengi ya haya yatabaki ya kutazama, kwa kuwa Escalade na Blackwing hutengenezwa kwa usukani wa kushoto pekee, na Kenya haisajili magari ya namna hiyo kwa matumizi ya kawaida. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai hawana shida hiyo, na huko Escalade ni gari la kila siku la wenye uwezo. Lyriq ya umeme imeanza kutengenezwa pia kwa usukani wa kulia kwa ajili ya Australia na New Zealand, na huo ndio mlango ninaouona kwa barabara zetu. Ningeshauri Lyriq kabla ya Optiq, mdogo wake, ambaye hutengenezwa Mexico katika kiwanda kimoja na magari ya umeme ya Chevrolet na kushirikiana nayo msingi. Ni gari zuri, lakini mwenye kuikumbuka Cimarron ataupapasa mlango wake mara mbili.

Kama fedha zingekuwa zangu na barabara ingekuwa ya Michigan, ningechukua Blackwing. Injini yake huungwa kwa mikono huko Bowling Green, Kentucky, na fundi aliyeiunga hubandika juu yake kibati chenye saini yake. Wauzaji hupenda kumfungulia mteja boneti amwonyeshe. Leland, ambaye magari yake matatu yalifunguliwa na kuchanganywa ili pasiwe na mtu wa kuweza kusema ni mkono upi uliofanya kipande kipi, nadhani angekisoma kibati hicho, kisha angeomba kipimo.